Umri wa Jibu

Kwa wiki sita niliandika ukurasa mmoja tu, na niliyekuwa nikimwandikia hakuwa mtu.

Wakati huo nilikaa Malaba, katika chumba cha mwisho cha ploti yenye vyumba vinane, kilichopakana na ghala la chakula cha mifugo. Vumbi la pumba lilipenya kwenye ufa wa ukuta na kutua juu ya kila kitu, hata juu ya mkate. Nje ya geti malori yalipanga foleni kuelekea Uganda. Asubuhi nilichemsha chai, nikaweka laptopu juu ya stuli, nikakaa kitandani na kuanza kubadilisha sentensi nilizoziandika jana yake. Jioni niliifunga. Siku moja mtu aliyekosea namba alinipigia simu, na nilipomjibu sauti ilitoka kama ya mgonjwa. Nikakumbuka kwamba sikuwa nimesema neno lolote tangu asubuhi ya jana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila jina la tovuti lina rekodi zake zilizohifadhiwa mahali. Rekodi moja inasema tovuti inakaa kwenye kompyuta gani. Nyingine inasema barua pepe za jina hilo zipelekwe wapi. Zipo pia za kuthibitisha kwamba mwenye jina ni yeye kweli. Mwanamke mmoja wa Nairobi alikuwa ametengeneza chombo kidogo cha kutafuta rekodi hizo, ila hakukitengenezea watu. Alikitengenezea ajenti, yaani zile programu za akili bandia zinazopewa kazi na kuifanya zenyewe hatua kwa hatua. Mwenye duka analalamika kwamba barua pepe zake hazifiki, na ajenti anaenda kuchunguza kwa niaba yake. Lakini ajenti hawezi kujua chombo ni cha nini mpaka asome maelezo yake. Maelezo hayo ndiyo niliyopewa kuandika.

Masharti yalikuwa mafupi. Ukurasa wangu ukipita majaribio, nitapewa vyombo vingine vitano vya kuandikia, kazi ya mwaka mzima. Usipopita, asante na kwaheri. Mimi ni mtu ambaye sijawahi kukaa mahali miaka miwili. Safari hii, sijui kwa nini, nilitaka kukaa.

Shule niliiacha kidato cha pili. Watu wakiniuliza huwa nasema ilikuwa karo, na karo ilikuwepo, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa siwezi kusikiliza mtu akieleza kitu ambacho naweza kukifungua mwenyewe. Rukala nilifika baada ya maji ya mafuriko kupungua, nikawa natengeneza simu zilizolowa. Nilifungua hata zile ambazo wenyewe walishazikatia tamaa, nione tu kilichomo. Kule Sio Port, ziwani, nilianika omena, wale dagaa wa ziwa, na kina mama, nikaondoka siku chache baada ya kuelewa jinsi injini ya mtumbwi inavyovuta mafuta. Busia nilikaa mwaka mmoja na nusu katika saiba, duka la kompyuta na intaneti, nikiwajazia watu fomu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni nani anayeiambia kompyuta kwamba jina fulani liko mahali fulani. Nilisoma kila nilichokipata. Kulikuwa na ukumbi mmoja mtandaoni ambapo watu waliuliza maswali ya tovuti zilizoharibika, nami nikaanza kuwajibu, bure, kwa sababu nilipenda kujua kama nimeelewa.

Ndipo yule mwanamke wa Nairobi akaniandikia. Nilimwita dada, na yeye aliniita boss, kama anavyoitwa mwanaume yeyote ambaye jina lake halijulikani au halina haja.

"Waliosoma chuo wananiandikia insha," alisema tulipoongea kwa simu mara ya kwanza. "Wewe Kiingereza chako ni kifupi. Unasema kitu, unanyamaza. Hicho ndicho nataka."

Sikujua kama ni sifa ama ni tusi. Nilikubali.

Mwenye ploti alikuwa mama mmoja wa Kiteso, mjane, ambaye pia ndiye aliyekuwa na lile ghala. Alikuwa mtu wa maneno machache mpaka apate la kumcheka mtu. Alipotaka kujua ninachofanya ndani mchana kutwa, nilimwambia naandikia ajenti maelezo ya kazi.

"Ajenti wa hapa Malaba?" akasema. "Hao hawasomi hata karatasi ya mzigo."

"Si wa forodha, mama. Hawa ni wa kompyuta."

"Wana miguu?"

"Hawana."

"Watakusalimia?"

"Hawasalimii."

"Basi hata hawa wa forodha ni afadhali. Wanasalimia wakitaka kitu."

Lakini nilipougua malaria mwezi wa pili, yeye ndiye aliyenigongea mlango na uji, akasimama kizingitini akiangalia laptopu juu ya stuli kama mtu anayeangalia mbuzi wa jirani ndani ya nyumba. Hakuniuliza habari za kwetu. Aliweka uji, akasema kikombe nitakirudisha, akaenda. Sijasahau.

Ni yeye pia aliyeniwekea tarehe. Wakala mmoja wa forodha alitaka chumba changu kwa mwaka mzima, kwa kuwa kilikuwa karibu na geti. Mama aliniambia waziwazi, nikiwa nafua uani.

"Mimi sikufukuzi. Lakini wewe ni ndege. Mwisho wa mwezi uniambie kama unakaa ama unaruka. Ukisema unakaa, unakaa mwaka, na yeye atafute kwingine. Usiniache na chumba kitupu na mtu nimeshamkataa."

Nilimwambia nitamwambia. Nilijua kwa nini anasema hivyo. Nimeacha vyumba vitupu mahali pengi, bila kumwambia mtu.

Ukurasa wa kwanza niliomtumia dada ulikuwa kurasa nne. Nilieleza jina ni nini, limetoka wapi, nani analilinda. Nilijivunia. Alirudisha siku hiyohiyo.

"Boss, mashine haitaki hadithi. Inataka kujua lini itumie hiki chombo, ikipe nini, na itarudishiwa nini. Basi."

Nikakata. Nilijifunza kwamba kumwandikia msomaji wa namna hiyo ni kazi ya kuzuia, kwa sababu hachoki, haoni haya, na anafanya ulichosema hata kama ulichosema si ulichotaka. Mtu ukimwambia "angalia kama jina lipo" atajua mengine. Ajenti hajui mengine. Jibu tupu lilinichukua siku tatu peke yake. Chombo kinaweza kurudi mikono mitupu kwa njia tatu. Ya kwanza, jina hilo halipo kabisa. Ya pili, jina lipo, ila halina rekodi ya aina uliyoomba. Ya tatu, chombo kiliuliza na hakikujibiwa. Ajenti akichanganya ya tatu na ya kwanza, atamwambia mwenye duka kwamba jina lake limepotea duniani, kumbe ni seva tu, ile kompyuta inayotoa majibu, imezimika kwa dakika mbili. Niliandika: usichukulie ukimya kuwa kutokuwepo. Kwa Kiingereza ilikuwa fupi zaidi.

Majaribio yalifanyika hivi: dada alimpa ajenti ukurasa wangu na maswali ishirini, halafu akanitumia maandishi ya kila hatua ajenti aliyopitia. Ndani yake ajenti huandika anachowaza kabla ya kutenda. Kwenye swali la sita nilikuta ameandika: "Maelezo yanasema nisichukulie ukimya kuwa kutokuwepo. Nitauliza tena kwenye seva nyingine." Akauliza, akapata.

Niliisoma mistari hiyo mara nyingi kuliko ilivyostahili. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, na sikuweza kukumbuka mara ya mwisho mtu kufanya jambo kwa sababu mimi nilimwambia.

Lakini tulikwama. Kila jibu la chombo lilirudi na namba pembeni, mara elfu tatu na kitu, mara arobaini, mara themanini elfu. Kwenye karatasi ya maelezo aliyonipa dada, namba hiyo ilielezwa kwa maneno machache tu, kwamba ni muda wa rekodi kwa sekunde. Sikuielewa vizuri nikairuka, na ajenti naye akairuka. Swali lililomshinda lilikuwa la mwenye duka aliyehamisha tovuti yake kwenda kompyuta nyingine, na bado wateja wake wanapelekwa kwenye ile ya zamani. Ajenti alikuta anwani ya zamani, akaamini, akamwambia mwenye duka kwamba hajahamisha kitu.

"Eleza hiyo namba," dada aliandika. "Kila kitu kingine kiko sawa. Una mpaka Jumatano."

Jumatatu hiyo intaneti ikapotea Malaba. Walisema waya umekatwa na watu wa barabara. Jumanne bado. Nikatia laptopu kwenye begi, nikaenda Busia, kwenye saiba ile niliyowahi kufanya kazi. Mwenye saiba sasa alikuwa mtu mwingine. Aliyekaa pale hakunijua na sikujieleza. Nafasi zote zilikuwa zimejaa. Nikasimama nje, kwenye baraza, nikingoja mtu ainuke.

Barabara ya pale ndiyo inayoelekea mpakani. Mama mmoja alikuwa amesimamisha baiskeli yenye magunia mawili ya omena, akifuta jasho. Mwanaume akaja kutoka upande wa Uganda, baiskeli yake tupu.

"Boss, soko la huko liko aje?" mama akauliza.

"Liko sawa, mama. Wananunua."

"Umetoka huko saa ngapi?"

"Saa hii tu."

"Saa hii gani? Mbona jasho yako imekauka?"

Mwanaume akacheka. "Nilipitia chai kidogo."

"Chai ama chai na kulala? Sema ukweli, nimebeba omena, sijabeba mawe."

"Kama saa tatu hivi."

"Saa tatu! Na sasa ni saa sita! Wewe habari yako imeoza mbele ya samaki wangu." Akamwacha pale anacheka, akamgeukia mwanamke aliyekuwa akivuka na beseni tupu kichwani, na safari hii hakuanza na soko. "Dada, umetoka huko saa ngapi?"

Nimeishi mpakani miaka mingi na sikuwahi kuitazama desturi hiyo kwa sababu mimi mwenyewe ninayo. Hapa hakuna anayepokea habari ya upande wa pili bila kuuliza umri wake. Foleni iko vipi, mvua imenyesha, soko limefunguliwa: haya yote hayana maana mpaka ujue anayekwambia alitoka huko lini. Mtu anayesahau kuuliza huvuka na nyanya zake akakuta soko limeshiba tangu asubuhi.

Ndipo namba ile ikakaa mahali pake kichwani mwangu. Muda wa rekodi, kwa sekunde. Bila shaka! Chombo kilikuwa kinaleta jibu na kusema jibu lenyewe lilichukuliwa lini. Kompyuta za katikati huhifadhi majibu ili zisiulize kila mara, hilo nililijua. Kwa hiyo namba ilikuwa ikisema jibu limekaa humo kwa muda gani. Nilitaka kumkimbilia yule mama nimwambie. Nimwambie nini? Alikuwa ameshapata habari mpya na kuondoka na magunia yake.

Mtu aliinuka. Nikakaa, nikaandika mistari mitatu kwa dakika kumi: namba hii ni umri wa jibu kwa sekunde, ikiwa kubwa, jibu ni la zamani, usiliamini, nenda ukaulize seva inayolimiliki jina lenyewe, ikiwa ndogo, jibu ni jipya. Nikatuma.

Alhamisi asubuhi, Malaba, intaneti imerudi, dada akaandika: "Zote ishirini. Umepita, boss. Ile sentensi ya umri ni tamu sana. Nimeshawapa wateja wa kwanza waanze kuutumia. Jumatatu tuongee kuhusu vile vitano."

Nilitoka nje. Mama mwenye ploti alikuwa Kocholia, ambako dada yake alikuwa amelazwa hospitalini, na angerudi Jumamosi. Majirani walikuwa kazini. Nilisimama uani kati ya kamba za nguo nikiwa na habari njema na hakuna wa kumpa. Nikafungua orodha ya namba kwenye simu. Nyingi sikukumbuka ni za nani. Chache nilizozikumbuka zilikuwa za watu ambao ningelazimika kwanza kuwaeleza niko wapi, na kwa nini sikupiga miaka yote hiyo. Nikairudisha mfukoni. Nilinunua chapati mbili na maharagwe, nikala nimesimama. Nilijiambia Jumamosi nitamwambia mama: nakaa.

Ingekuwa bora ningelala mchana huo. Lakini mimi nikimaliza kitu ndipo hamu ya kukichezea inapokuja. Nilifungua chombo, nikauliza rekodi ya jina moja, bila sababu. Ikarudi na elfu tatu mia tano na kumi na mbili. Nikanywa maji, nikauliza tena jina lilelile.

Elfu tatu mia nne na tisini.

Nikadhani sikusoma vizuri. Nikauliza tena. Elfu tatu mia nne sitini na moja. Nikakaa wima. Nikauliza kila baada ya muda mfupi, nikiandika namba kwenye karatasi ya mkate, na kila mara ilishuka. Zilishuka sawasawa na saa ya simu yangu, sekunde kwa sekunde. Nilingoja karibu saa nzima. Namba ikafika kumi na kitu, ikafika tatu, halafu ikaruka ghafla hadi elfu tatu na mia sita na kuanza kushuka upya.

Umri wa kitu kinachozeeka haushuki. Habari ya yule mwanaume wa baiskeli haikuwa ikipungua saa kadiri alivyokunywa chai.

Ilinibidi nisome tena, polepole, yale niliyoyasoma zamani kwa haraka. Namba haikuwa umri. Ilikuwa muda uliobaki: sekunde ambazo jibu bado linaruhusiwa kutumika kabla ya kutupwa na kuulizwa upya. Nilikuwa nimeigeuza juu chini. Jibu lililokuja sasa hivi kutoka kwenye seva ya jina lenyewe, lenye namba kubwa, nilimwambia ajenti ni la zamani. Jibu la zamani linalokaribia kufa, lenye namba arobaini, nilimwambia ni jipya, la kuaminika. Maswali ishirini hayakulionyesha kosa, kwa sababu katika lile la tovuti iliyohamishwa namba ilikuwa kubwa kwa bahati, ajenti akaogopa, akaenda kuuliza seva ya jina lenyewe, akapata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Ningezaliwa mahali pengine labda nisingekosea hivyo. Mtu wa mpakani hauzi wala hanunui bila kuuliza habari ni ya lini. Haijawahi kumjia akilini kwamba mtoa habari anaweza kumwambia itaoza lini.

Nililala kitandani nikiangalia mabati. Ukweli ni kwamba nilifikiri kunyamaza. Ningeweza kungoja Jumatatu, nipewe vile vitano, halafu wiki mbili baadaye nibadilishe mistari mitatu kimyakimya nikasema naboresha lugha. Dada mwenyewe alikuwa ameisoma akaisifu. Nani angejua? Ajenti hawezi kulalamika. Angefanya tu nilichomwambia, kwa utiifu uleule ulionifurahisha, na mwenye duka mahali fulani angeambiwa jibu ni jipya, akawapigia watu wake kelele bure, ama angeambiwa asiamini jibu lililo sawa.

Utiifu huo ndio ulionikosesha raha. Mtu ningemdanganya, angenishuku. Huyu hakuwa na namna ya kunishuku.

Kabla jua halijatua nilimwandikia dada. Nilimwambia namba nimeigeuza, nikamwekea orodha yangu ya karatasi ya mkate, nikamwambia ukurasa uondolewe kwa wateja mpaka nirekebishe. Nikatuma. Nikakaa nikiangalia simu.

Hakujibu. Ijumaa hakujibu. Nilipiga mara moja, ikaita mpaka ikakata. Sikupiga tena. Nilirekebisha mistari mitatu na kuihifadhi bila kuituma, kwa sababu sikujua kama bado ni kazi yangu.

Jumamosi mama akarudi kutoka Kocholia, amechoka, viatu vina tope. Dada yake alikuwa ameanza kula, alisema. Nilimbebea mfuko hadi mlangoni. Akakaa kwenye benchi, akavua viatu, akaniangalia.

"Sasa, ndege. Leo ni mwisho wa mwezi. Unakaa?"

Siku mbili nyuma jibu lilikuwa mdomoni. Nilijua pia kwamba nikisema "nakaa" ataniamini, atampigia yule wakala amkatae, na ikiwa Jumatatu nitaambiwa asante na kwaheri, nitafunga begi kama nilivyofunga mengine.

"Mama, nilikuwa na kazi, nikaiharibu mwenyewe. Sijajua kama wataniweka."

"Sijauliza kazi. Nimeuliza chumba."

"Bila hiyo kazi siwezi kukaa mwaka. Nikikuambia nakaa, nakudanganya."

Akasugua nyayo zake. "Na nikingoja mpaka Jumatatu?"

"Sijui kama hata Jumatatu watanijibu."

"Unajua watu wengine wangesema tu ndiyo, halafu wakaone mbele."

"Najua. Mimi ndiye huwa nasema hivyo."

Akacheka kidogo, si sana. Akatoa simu kwenye kitambaa alichofungia kiunoni, akampigia wakala mbele yangu, akamwambia kwa Kiteso jambo ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Alipomaliza akasema nina mpaka Jumanne kuhama, na kwamba uji uko jikoni kama nataka. Nilisema nimeshiba. Sikuwa nimekula.

Dada alipiga Jumatatu asubuhi, mapema.

"Boss. Nimesoma."

"Ndiyo."

"Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa napitia kila jibu ambalo ajenti wamewapa watu tangu Alhamisi. Wawili waliambiwa uongo. Nimewaomba msamaha mmoja mmoja. Mmoja amenitukana, na alikuwa na haki."

"Pole, dada."

"Pole ya nini? Mimi ndiye najua ile namba ni nini toka zamani. Nilisoma sentensi yako, nikaona ni tamu, sikuona ni uongo." "Ulikuwa umeshapita. Kwa nini uliendelea kuijaribu?"

"Nilikuwa sina kitu cha kufanya."

Alicheka, ingawa nilikuwa nimemjibu ukweli. Akasema nirekebishe ukurasa leo, halafu nianze cha pili, kile kinachoanza na namba ya kompyuta na kutafuta jina. Mwaka mzima, kama tulivyosema. Akauliza kama niko sawa huko Malaba, kama mtandao unatosha.

"Niko sawa," nilisema.

Nilimtumia mistari mitatu mipya: hiki si kipimo cha umri, ni muda uliobaki kabla ya jibu hili kuulizwa upya, ukitaka kujua hali ya sasa hivi, iulize seva inayolimiliki jina. Baadaye akanirudishia maswali, safari hii thelathini, kumi aliyaongeza kwa ajili ya namba ile tu. Ajenti aliyajibu yote. Niliyasoma nikiwa nimekaa juu ya begi, kwa sababu godoro nilikuwa nimeshalikunja.

Nilimwendea mama ghalani. Alikuwa anapima pumba. Nilimwambia kazi nimebaki nayo. Aliacha kupima.

"Leo?"

"Leo asubuhi."

"Yule wakala ameshaleta kitanda chake, amekiweka kwa shemeji yake. Nimeshampa neno langu."

"Najua, mama. Sikuja kuomba. Nilitaka tu kukwambia."

Alinitazama muda mrefu, pumba zikimwagika polepole kutoka kwenye kopo. "Haya," akasema. "Umeniambia."

Vyumba vingine saba vilikuwa na watu. Nikapata kimoja Busia, nyuma ya duka la vipuri, kwa mtu nisiyemjua.

Jumanne nilitoka mchana. Nimeondoka sehemu nyingi, karibu zote alfajiri, na sikuwahi kujifunza mtu husimama wapi wakati wa kuaga. Nilisimama katikati ya uwanja na begi begani na laptopu kifuani, nikamrudishia ufunguo. Wakala wa forodha alikuwa tayari anapima dirisha langu kwa pazia, akanisalimia kwa adabu. Mama alikuja nami mpaka getini. Hakusema lolote la maana. Alisema barabara ina vumbi, alisema Busia kuna wezi wa laptopu. Kisha mtu akaita kutoka ghalani kwamba kuna mteja, akageuka akaenda, nami nikapita katikati ya malori mawili yaliyosimama, nikashika njia.